Nani Achaguaye? Tashihisi katika Kitabu cha Darwin na katika Tafsiri Zake

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuwaachia wenzetu wa sayansi kitabu cha Charles Darwin, Asili ya Spishi, kana kwamba ni mali ya maabara. Twasahau kwamba kabla hakijawa nadharia ya kufundishwa kilikuwa maandishi. Kiliandikwa na mtu aliyesumbuka na maneno, akayafuta, akayarudia, akalaumiwa kwa ajili yake, na kwa muda wa miaka 13 akaendelea kuyatengeneza katika matoleo 6, kuanzia lile la tarehe 24 Novemba 1859 hadi lile la mwaka 1872. Maandishi ya namna hiyo ni halali ya mhakiki. Katika makala haya nakusudia kulichunguza neno moja tu la kitabu hicho, kwa vyombo vile vile tuvitumiavyo tunapofundisha shairi au riwaya. Neno lenyewe ni lile ambalo kwa Kiswahili wengine hulitamka uteuzi asilia, wengine uchaguzi wa asili, na wengine uteuzi wa maumbile. Maana hatujaafikiana bado.

Sikulifikia jambo hili kwa njia ya vitabu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la sayansi, katika shule moja ambayo sitaitaja, nikimngoja mwenzangu amalize kipindi chake. Alikuwa akifundisha kwa Kifaransa, na kila alipoona wanafunzi wamekwama aliwafafanulia kwa Kiswahili. Alipofika katika Darwin akasema: "Asili huchagua walio bora na kuwaondoa walio dhaifu." Msichana mmoja, ambaye wenzake wote walijua kwamba ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao watu wengi huuita sikoseli, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, mimi nimekwisha kuondolewa, ama bado?" Darasa likacheka, naye msichana akacheka pamoja nalo. Mwalimu hakucheka, wala hakuwa na jibu. Mwenzangu si mtu mkatili, na sentensi aliyoisema ni ile iliyomo katika vitabu vingi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa lilikuwa la nani: la mwalimu, la Darwin, ama la lugha?

Tuanze na fani ya kitabu chenyewe. Darwin hakufungua hoja yake kwa visiwa vya mbali wala kwa mifupa ya kale. Sura ya kwanza inahusu wanyama wafugwao na mimea ilimwayo, na ndani yake wenye nafasi kubwa ni njiwa. Darwin mwenyewe alifuga njiwa, akajiunga na vyama vya wafugaji wa njiwa mjini London, akakaa nao na kuwasikiliza. Aliona jinsi mfugaji anavyomtazama kinda, akabaini kwamba manyoya ya mkia wake ni mengi kidogo kuliko ya wenzake, akamweka awe wa mbegu. Na kizazi baada ya kizazi mkia ukafunguka kama upepeo. Aina zote hizo za njiwa, asema Darwin, zimetokana na njiwa mmoja wa majabalini. Hapa pana mchaguaji, tena aonekanaye: ni mtu, ana macho, ana tamaa, na ajua alitakalo. Ndipo katika sura ya nne mwandishi anapolihamisha neno la mfugaji na kulitia porini. Viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, hawafanani, baadhi ya tofauti zao hurithiwa, na baadhi ya tofauti hizo humsaidia mwenye nazo aishi na kuzaa mahali pale alipo, kwa hiyo huzidi katika kizazi kifuatacho. Hoja yote ni hiyo. Mtu akiichambua kipande kwa kipande hataona mchaguaji ndani yake. Lakini neno la mfugaji limebaki.

Limebaki, tena limepewa uhai. Katika sura hiyo ya nne Darwin anaichora hali hii kama mkaguzi asiyelala, ambaye hakuna tofauti ndogo impitayo, na ambaye kazi yake haisikiki. Mwanafunzi wetu yeyote aliyefundishwa tamathali za usemi angelitambua jambo hili mara moja: ni tashihisi. Tena ni tashihisi njema, maana bila njiwa na mfugaji wake sidhani kama wasomaji wa mwaka 1859 wangeifuata hoja. Sitiari ndiyo iliyokuwa daraja. Kasoro yake ni kwamba wapitaji wengi walisimama juu ya daraja wakadhani wamefika ng'ambo.

Darwin alilijua hilo mapema. Mwaka 1860, kabla kitabu hakijatimiza mwaka mmoja, alimwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba kama angeanza upya angetumia neno lenye maana ya uhifadhi wa asili mahali pa uteuzi. Katika toleo la tatu, la 1861, akawajibu waliomshitaki kwamba ameigeuza asili kuwa mungu. Akasema kwamba wanakemia huzungumzia elementi zinazopendana, na wanafalaki huzungumzia mvutano unaozitawala sayari, na hakuna anayewalaumu, kwa sababu kila mtu ajua maana ya misemo kama hiyo. Katika matoleo ya baadaye, pale alipomchora mkaguzi wake, aliongeza neno moja la kutahadharisha kwamba anasema kwa sitiari.

Je, utetezi huo watosha? Kwa maoni yangu hautoshi, na sababu yake ni ya kilugha. Jiwe likivutwa na dunia hakuna mtoto aulizaye dunia yalitakia nini lile jiwe. Kuvuta ni tendo ambalo hata kamba hulitenda. Kuchagua ni tendo la mwenye nia. Hakuna achaguaye asiyependelea. Kwa hiyo sitiari hizi mbili hazilingani uzito, na Darwin, msomaji makini wa kila kitu, hapa alijipimia kwa mizani nyepesi.

Aliyeliona jambo hili kwa ukali zaidi ni Alfred Russel Wallace, ambaye aliifikia nadharia hiyo hiyo peke yake akiwa katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na ambaye makala yake ilisomwa pamoja na maandishi ya Darwin katika Linnean Society mjini London tarehe 1 Julai 1858. Tarehe 2 Julai 1866 Wallace alimwandikia mwenziwe barua ndefu. Alimweleza kwamba watu wenye akili, tena wengi, wanashindwa kuielewa nadharia kwa sababu ya neno hilo moja, wakidhani asili inafikiri na kukusudia. Akamshauri atumie msemo wa Herbert Spencer wa mwaka 1864, yaani kusalia kwa wanaofaa zaidi. Wallace alikuwa amelikata neno uteuzi kwa kalamu katika nakala yake mwenyewe ya kitabu na kuandika msemo wa Spencer juu yake. Darwin alikubali nusu. Katika toleo la tano, la 1869, aliutia msemo huo kitabuni kando ya neno lake la zamani, wala hakulitupa lile la kwanza.

Wallace aliutambua ugonjwa, lakini dawa aliyoitoa ilileta maradhi mengine. Katika Kiingereza chenyewe neno la Spencer lilianza kutumiwa kwa siha na ubavu, na kutoka hapo halikuwa na safari ndefu kufikia matajiri juu ya maskini na wakoloni juu ya watawaliwa. Sisi nasi tumelipokea hivyo hivyo. Mara ngapi tumesikia nadharia ya Darwin ikifupishwa kwa methali isemayo mwenye nguvu mpishe? Ni upotoshaji. Darwin alipozungumzia mapambano ya kuishi alieleza wazi kwamba analitumia neno mapambano kwa mapana, hata mmea ulio kando ya jangwa wapambana na ukame, na kwamba jambo kubwa si uhai wa mmoja tu, bali ni kuacha wazao. Mmea hauna ngumi.

Katika jambo hili Kiswahili chetu kina utajiri ambao Wallace angeuonea wivu. Tunalo kitenzi -faa. Mtu hawezi kusema "hiki chafaa" bila ya msikilizaji kuuliza: chafaa nini, chamfaa nani, chafaa wapi? Kitenzi hiki hakikai peke yake. Chadai mahali na kazi. Jembe lifaalo kwa mchanga halifai kwa mfinyanzi, wala hatusemi kwamba moja ni bora kuliko jingine. Huo ndio ujumbe wa Darwin kwa ukamilifu wake, na umo katika kitenzi kimoja cha silabi mbili. Mwalimu aliyesema "walio bora" alikuwa na neno sahihi karibu na ulimi wake, akaliruka.

Kabla hatujajihukumu wenyewe, inafaa tuwatazame wengine waliokitia kitabu hiki, ama fikra zake, katika lugha zao. Kwani kila mmoja aliacha alama ya kidole chake. Wa kwanza ni Mjerumani Heinrich Georg Bronn, bingwa wa visukuku, aliyetoa tafsiri yake mwaka 1860. Neno la Darwin alilifasiri Züchtung, ambalo ni neno la wafugaji hasa, la kuzalisha mbegu njema. Basi mfugaji akaingia porini mzima mzima. Tena katika anwani ya kitabu, pale Darwin aliposema juu ya jamii za viumbe zilizopata nafuu katika mapambano, Bronn aliandika neno lenye maana ya zilizokamilishwa. Nafuu ni jambo la bahati na mahali. Ukamilifu ni ngazi. Bronn aliiacha pia sentensi ile moja ambamo Darwin alidokeza kwamba asili ya binadamu nayo itapata mwanga, akaongeza mwishoni sura yake mwenyewe ya kukikosoa kitabu. Mfasiri wa namna hii tungemwita mtungaji mwenza asiyealikwa.

Huko Ufaransa, Clémence Royer alitoa tafsiri yake mwaka 1862 na utangulizi mrefu wa kuishambulia dini, jambo ambalo Darwin hakulifanya kitabuni mwake. Neno lenyewe alilifasiri élection, neno la watu wapigao kura. Na katika anwani akatia sheria za maendeleo, ambazo Darwin hakuzitaja katika anwani yake. Baadaye Wafaransa walishika neno sélection, na hilo ndilo wanalolikuta wanafunzi wetu wa Bujumbura na Bukavu katika vitabu vyao.

Kwa Kiarabu, Ismail Mazhar alitoa sura za kwanza za kitabu hicho mwaka 1918. Neno la uteuzi kwa Kiarabu ni intikhab, ambalo leo hutumika pia kwa uchaguzi wa wabunge. Na mageuko yenyewe yaliitwa kwa maneno mawili, nushu na irtiqa, kuchipuka na kupanda daraja. Hapo tena ngazi imesimamishwa. Lakini wa ajabu kuliko wote, kwangu mimi, ni Yan Fu wa China. Mwaka 1898 alitoa kwa Kichina mhadhara wa Thomas Huxley wa mwaka 1893 juu ya mageuko na maadili, na ndani yake uteuzi akautamka kwa maneno yenye maana kwamba mbingu huchagua. Taifa zima lilisoma hivyo, wakati lilipokuwa likitishwa na madola ya kigeni, na waliosoma waliogopa mbingu isije ikawaacha.

Tazama basi jinsi kiti kile kitupu alichokiacha Darwin kilivyowavuta wakaaji: mfugaji kwa Mjerumani, mpiga kura kwa Mfaransa, mbingu kwa Mchina. Je, sisi tumemkalisha nani?

Tulipotafuta neno la kutaja kile ambacho Wazungu hukiita kwa jina moja, Kiswahili kilitupa matatu, na hakuna lililo safi. Maumbile yatokana na kuumba. Mwenye kusema "uteuzi wa maumbile" amekwisha kumwita Muumba kwa mlango wa nyuma, atake asitake. Sisemi haya ili kuikataa imani ya mtu; nasema tu kwamba neno lina ukoo, na ukoo husema. Tabia, neno ambalo kwa Kiarabu lina ukoo mmoja na lile la kutajia maumbile ya ulimwengu, kwetu limekuwa mwenendo wa mtu. Halifai tena kwa kazi hii. Limebaki asili, nalo lina maana mbili kwa pamoja: chanzo cha kitu, na hali yake ya kabla ya mkono wa mtu. Kwa hiyo tusemapo kwamba Darwin alieleza asili ya spishi kwa uchaguzi wa asili, mwanafunzi husikia kwamba chanzo kimeelezwa kwa uchaguzi wa chanzo. Ndiyo maana mimi naafikiana na waliochagua umbo la asilia, ambalo angalau ni sifa na si mtendaji. Uteuzi asilia hauna mwenyewe. Uchaguzi wa asili una mwenyewe, naye ni Asili, na kesho atavikwa kilemba.

Halafu kuna mageuzi na mageuko. Maneno haya hutumiwa leo kama pacha, hali si pacha. Mageuzi yatokana na kugeuza, na kugeuza kwahitaji mgeuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, neno hilo lilipojaa majukwaani pamoja na vyama vingi vya siasa, lilikaa mahali pake barabara, kwa kuwa palikuwa na watu waliogeuza, au waliotaka kugeuza. Mageuko yatokana na kugeuka, ambako hakumtaji mtendaji. Kwa viumbe, basi, mageuko ndilo neno. Wala hili si suala la ladha, ni suala la sarufi iliyobeba falsafa.

Hata hivyo mageuko nayo yana mtego wake, na ningekuwa mhakiki wa upande mmoja kama ningeuficha. Katika ngano zetu nani hugeuka? Binti hugeuka ua, mchawi hugeuka fisi, na hutokea kwa mara moja, kwa mwili mmoja. Mwanafunzi aliyekulia katika ngano hizo akisikia mageuko ya binadamu hupata picha ya nyani mmoja aliyegeuka mtu, na swali lake la kwanza, la haki kabisa, ni kwa nini nyani waliopo leo hawageuki. Darwin hakusema hivyo. Binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja waliokwisha kutoweka, na hakuna hata mmoja wa mababu hao aliyegeuka chochote katika maisha yake. Kilichobadilika ni hesabu ndani ya jamii: wenye tofauti hii walizidi, wenye tofauti ile wakapungua, kizazi hata kizazi. Richard Lewontin, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alisisitiza kwamba upya wa Darwin ulikuwa papo hapo. Waliomtangulia walifikiri kila kiumbe hubadilika. Yeye alieleza jinsi kundi linavyobadilika kwa sababu wanachama wake hawafanani. Kwa hiyo tuseme mageuko ya spishi, mageuko ya jamii ya viumbe, na tusiseme kamwe kwamba mnyama fulani aligeuka.

Nafika sasa kwenye neno dogo kuliko yote, nalo ndilo lenye hatari kubwa: ili. Chukua twiga, mnyama wetu. Karibu kila kitabu humpa sentensi hii: twiga ana shingo ndefu ili afikie majani ya juu. Jean-Baptiste Lamarck, mwaka 1809, aliandika kwamba mazoea ya kujinyoosha ndiyo yaliyoirefusha. Watu hudhani Darwin alianza kwa kumjibu hapo hapo. La hasha. Katika toleo la 1859 kiungo cha twiga alichokizungumzia zaidi ni mkia, ulio kama usinga wa kufukuzia nzi. Hoja ya shingo na majani aliiandika katika toleo la 1872, akimjibu St. George Mivart aliyemkosoa mwaka mmoja kabla. Na mwaka 1996 wataalamu wawili, Robert Simmons na Lue Scheepers, wakaja na jambo jingine: wakati wa kiangazi, ambapo chakula ni adimu, twiga mara nyingi hula majani yasiyo ya juu sana, na madume hupigana kwa shingo na vichwa. Huenda shingo ilirefuka kwa ajili ya ushindani huo zaidi kuliko majani. Mjadala haujafungwa. Lakini sentensi yenye ili ilikuwa imekwisha kuufunga darasani.

Sentensi hiyo twaijua sisi walimu wa fasihi simulizi, maana ni ya ngano za kueleza asili ya mambo: kwa nini fisi huchechemea, kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Hatuzidharau ngano hizo. Zina kazi yake. Mwaka 1979 Lewontin huyo huyo na Stephen Jay Gould waliandika makala iliyowachoma wanabiolojia wenzao kwa kosa hilo hilo, kwamba kila wakionacho kiungo hukitungia manufaa na kupumzika. Walianza na kanisa la San Marco mjini Venice. Juu ya matao yake kuna nafasi za pembetatu zilizojazwa picha za kupendeza, hata mgeni adhani matao yalijengwa kwa ajili ya picha. Kumbe matao yakikutana chini ya kuba, pembetatu hujitokeza zenyewe, na mchoraji alikuja baadaye. Wengine walilalamika kwamba Gould na Lewontin walitia chumvi, na yawezekana walitia. Hata hivyo lawama yao ni ya uhakiki wa kweli: waliuliza hadithi hii imethibitishwaje, badala ya kuuliza kama yapendeza.

Basi inawezekana kuvuka kutoka hadithi hadi ushahidi? Inawezekana, na mfano ulio bora naujua kutoka kwetu hapa, tena ni ule ule wa yule msichana. Selimundu ni neno lililoundwa kwa ustadi: seli nyekundu za damu zilizopinda kama mundu. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949, akaona jambo la kushangaza. Wenye jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa wengi pwani na karibu na ziwa Victoria, wakati mwingine zaidi ya asilimia 20, na walikuwa wachache katika nyanda za juu. Kwa nini jeni iletayo ugonjwa wa kuua ienee hivyo? Angeweza kutunga ngano. Badala yake alikwenda kuhesabu. Katika taarifa yake ya mwaka 1954 alieleza juu ya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliokuwa na jeni hiyo, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo, karibu asilimia 46. Aliwajaribu pia watu wazima 30 wa Kiluo waliojitolea kuambukizwa. Kati ya 15 wenye jeni waliougua ni 2, na kati ya 15 wasio nayo ni 14. Jaribio hilo la mwisho leo lingezuiwa na kamati za maadili, na mimi sioni kwamba zingekosea.

Sasa isome habari hiyo kwa macho ya lugha. Nani hapa aliye bora na nani dhaifu? Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja ana kinga. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa. Asiyeirithi kabisa yu wazi kwa malaria. Ukimhamisha yule wa kwanza umpeleke kwenye baridi ya milimani, ambako hakuna mbu wa kumwambukiza, kinga yake haina kazi. Kitu kile kile chafaa hapa na hakifai pale, chafaa kikiwa kimoja na kuua kikiwa viwili. Wala hakuna ili mahali popote. Damu haikupinda ili iizuie malaria. Ilipinda kwa kosa la kunakili jeni, na waliokuwa na kosa hilo kwa mzazi mmoja walizikwa wachache utotoni kuliko wenzao. Mahali pa ili pakae kwa kuwa, na mahali pa huchagua pakae walisalia. Basi tashihisi imevuliwa, na hoja imesimama bila ya nguo za kuazima.

Na yule msichana angejibiwaje? Angeambiwa kwamba hakuna aliyemtazama wala kumkataa. Baba yake na mama yake kila mmoja ana jeni moja, na huenda ndiyo iliyowavusha salama utotoni katika nchi ya mbu. Kwa kila mtoto wanayemzaa, nafasi ya kurithi jeni zote mbili ni 1 kati ya 4. Ugonjwa wake, na pengine uhai wa wazazi wake, vimetoka katika chanzo kimoja. Jibu hilo halipunguzi maumivu ya mifupa, lakini ni la kweli, na laweza kusemwa lote kwa Kiswahili bila kukopa hata sentensi moja.

Mwenzangu wa sayansi nilimsomea makala haya kabla sijayatuma. Katika nakala ya kwanza nilikuwa nimependekeza tuliache neno uteuzi kabisa na kushika mchujo, maana chujio halina macho wala mapendeleo; lapitisha yapitayo. Alisikiliza, akafikiri, kisha akasema: "Chujio halijapata kutengeneza kitu, ndugu yangu. Ukichuja tui mara elfu litabaki tui. Darwin alisema kwamba kwa kuchuja na kuzaa, na kuchuja tena na kuzaa tena, hupatikana jicho." Nililiondoa pendekezo langu. Neno la mfugaji lina nia ambayo hoja haiitaki, lakini lina mrundikano wa vizazi ambao mchujo hauna. Njiwa yule wa mkia wa upepeo hakupatikana kwa kuchujwa mara moja. Naendelea kulitafuta neno lililo na kimoja bila ya kingine, na kama kuna msomaji wa jarida hili aliyelisikia likitumika mahali, kwa wakulima wachaguao mbegu ama kwa wavuvi, ningefurahi aliandike katika toleo lijalo.